Kiwanda Kisicho na Uzio: Historia ya Chama cha Warongo

Taasisi nyingi zinapoandikiwa historia huanza na cheti cha usajili, jiwe la msingi na picha ya mwenyekiti wa kwanza. Warongo, wafua chuma wa zamani, hawakuacha hata kimoja. Walichoacha ni mabonge meusi ya mavi ya chuma ambayo mkulima wa Biharamulo, Chato au Geita huyagonga kwa jembe akidhani ni jiwe, vipande vya mabomba ya udongo vilivyoungua ncha moja, na jina lao, ambalo siku hizi watu hulibeba kama jina la kabila. Lakini chama walikuwa nacho. Kilikuwa na masharti ya kuingia, miiko, mafundi wakuu na wanagenzi, bidhaa moja kuu, na soko lililofika hadi Tabora. Mtu akivikusanya vyote hivyo pamoja, sijui ataviita nini kama si taasisi, tena ya viwanda.

Zamani mtu hakuzaliwa Mrongo. Chama kilipokea Wazinza, Wasubi, Wasumbwa na wengine wa upande huu wa kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Aliyetaka kujifunza kazi aliingizwa kwa taratibu za chama, akapewa nafasi kambini, akaanza chini. Katika nchi ambayo heshima, ardhi na utawala vilifuata ukoo, kundi la watu wa koo mbalimbali walioshikamana kwa sababu ya ufundi tu lilikuwa jambo la pekee. Hata watawala waliwahitaji. Jembe lilikuwa chakula, lilikuwa mahari, lilikuwa fedha ya kulipia faini na ushuru. Mtawala asiye na wafua chuma karibu alikuwa na nchi yenye njaa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi. Mvua huharibu makaa na kujaza maji kwenye shimo la tanuri, na isitoshe wakati wa masika kila mwenye mikono yuko shambani. Kambi iliwekwa porini, mbali na vijiji, mahali palipo na mambo matatu: mawe ya chuma, udongo usiopasuka motoni, na miti migumu ya kuchomea makaa. Kati ya hayo matatu, miti ndiyo iliyotoa amri. Tanuri hula makaa bila huruma. Miti ya jirani ikiisha, kubeba makaa kutoka mbali kunakuwa na hasara kuliko kubeba vyombo na kwenda kwingine. Ndiyo maana Warongo walikuwa watu wa kuhamahama: kambi ilivunjwa, ikajengwa upya pori la mbele, na pori la nyuma likaachwa lichipue.

Tanuri lao lilikuwa shimo, tofauti na lile la Wahaya lenye mnara wa udongo juu yake. Chini kabisa, katika kishimo cha katikati, ziliwekwa dawa. Juu yake makaa na mawe yaliyopondwa. Kuzunguka shimo walikaa vijana wa mivukuto, kila mmoja na vyungu vyake vilivyofunikwa ngozi ya mbuzi, na kwenye ngozi fimbo ya kuinua na kushusha. Ngozi ikipanda hewa inaingia, ikishuka hewa inasukumwa kwenye bomba la udongo hadi katikati ya moto. Mikono yote miwili, kwa zamu, saa baada ya saa, kwa wimbo unaoshika mapigo. Mmoja akichoka na mwenzake asimpokee upesi, moto unapoa upande huo na kazi ya siku nzima inaweza kuharibika.

Ndani ya shimo kinachotendeka ni hiki. Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Makaa yanapoungua kwa hewa isiyotosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, nayo huipokonya ile oksijeni na kukiacha chuma peke yake. Joto likifika nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi, mchanga na uchafu mwingine wa kwenye jiwe huyeyuka na kutiririka chini: hayo ndiyo mavi ya chuma. Chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka nyuzi 1,538, kwa hiyo hubaki bonge lenye matundu, lililochafuka, lisilofanana na kitu chochote cha maana. Bonge hilo hupasuliwa, huchomwa upya, hupigwa kwa jiwe na kwa nyundo mpaka uchafu uliobaki utoke, ndipo mhunzi anaanza kulivuta liwe jembe. Joto likiwa dogo, uchafu hauachani na chuma. Likizidi na makaa yakawa mengi, chuma hunywa kaboni kupita kiasi na kuwa kigumu kinachovunjika ukikipiga. Kati ya kasoro hizo mbili kuna njia nyembamba, na fundi mkuu aliipita bila kipimajoto, akisoma rangi ya moto na kusikiliza mivukuto.

Mwanaakiolojia wa Marekani, Peter Schmidt, ambaye alifanya kazi Kagera kwa miaka mingi, aliwakuta wazee wa Kirongo waliowahi kuyeyusha chuma ujanani mwao, akawaomba waifanye tena. Haikuwa rahisi. Mikono ilikuwa imekaa miaka bila kazi, na ikabidi wajaribu, washindwe, wabadilishe dawa, wabadilishe mpangilio wa tanuri, wabishane. Wapo wanaosoma habari hiyo kama dalili kwamba ujuzi ulikuwa umepotea. Mimi naisoma vingine: mafundi wa kweli ndivyo wanavyofanya kazi, na hakuna sababu ya kuamini kwamba babu zao walifanikiwa kila walipowasha moto. Schmidt huyo, pamoja na Donald Avery, ndiye aliyechapisha katika jarida la Science mwaka 1978 matokeo ya utafiti wao juu ya matanuri ya Buhaya, wakionyesha kwamba watu wa pwani ya magharibi ya ziwa walikuwa wakitengeneza chuma chenye kaboni, kwa joto kali, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Buhaya imepata sifa yake. Warongo, waliokuwa upande wa kusini na waliofanya biashara kubwa zaidi, hawajapata.

Na biashara hiyo ilikuwa kubwa kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tabora, Sigl, alikadiria kwamba majembe 150,000 hivi huletwa katika soko la mji huo kila mwaka. Tabora haikuwa na chuma cha kutosha cha kwake. Majembe yalitoka kaskazini, nchi za Wasumbwa na Wazinza, ambako Warongo waliwasha matanuri. Tufanye hesabu kidogo. Tukichukua kwamba jembe moja lilikuwa na kilo moja tu ya chuma, hizo ni tani 150. Mpagazi hubeba frasila mbili, kilo 32 hivi. Basi tunazungumzia mizigo karibu 5,000 ya majembe, kichwani mwa watu, kupita mapori ya Runzewe na Ushirombo kuelekea kusini, kila mwaka, kabla ya barabara wala reli. Na hiyo ni Tabora peke yake, bila kuhesabu majembe yaliyobaki huku Rusubi na Uzinza, wala yaliyokwenda Usukuma.

Hapa ndipo ninapomleta Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Marekani, nimpime pamoja na Warongo.

Ford alizaliwa tarehe 30 Julai 1863 katika shamba karibu na Detroit, jimbo la Michigan, baba yake akiwa mkulima aliyehamia kutoka Ireland. Kilimo hakukipenda. Mwaka 1879 alikwenda mjini kujifunza ufundi wa mashine, baadaye akawa mhandisi katika kampuni ya umeme ya Edison, na mwaka 1896 akaendesha mitaani kigari chake cha kwanza chenye magurudumu ya aina ya baiskeli. Kampuni mbili za mwanzo alizoshiriki hazikumfaa. Ya pili aliiacha ikageuka kuwa Cadillac. Ya tatu, Ford Motor Company, ilianzishwa tarehe 16 Juni 1903. Gari lililompa jina, Model T, lilitoka Oktoba 1908 kwa bei ya dola 850. Mwaka 1910 kampuni haikufikisha magari 20,000.

Kilichobadilisha hesabu ni mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park. Mafundi wake walitazama jinsi machinjio ya Chicago yalivyomning'iniza ng'ombe kwenye reli ya juu akapita mbele ya wachinjaji, kila mmoja akikata kipande chake, wakageuza mpango huo: badala ya kuchambua, wakaunganisha. Gari likawa linamfuata mfanyakazi, na mfanyakazi anafanya jambo moja tu siku nzima. Kuunganisha chesisi kulikochukua saa 12 na nusu kukashuka hadi dakika 93. Bei nayo ikashuka mwaka hadi mwaka, mpaka dola 260 mwaka 1925. Model T ilipokoma kutengenezwa mwaka 1927 yalikuwa yametoka magari milioni 15. Mwaka 1916, wakati vikosi vya Wabelgiji vilipoingia Biharamulo kuwafukuza Wajerumani huku risasi na unga vikibebwa kwa vichwa vya wapagazi, Ford alikuwa anatoa karibu magari nusu milioni kwa mwaka.

Sisemi kwamba Warongo walikuwa na mkanda wa Highland Park. Hawakuwa nao, na anayesema hivyo anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Siri ya Ford ilikuwa vipuri vinavyolingana: boliti ya gari la leo inaingia kwenye gari la jana. Jembe la Mrongo lilitoka mkononi mwa mtu mmoja na hakuna mawili yaliyolingana kabisa. Lakini yapo mambo ambayo wote wawili waliyajua, na wengi waliojaribu viwanda hapa kwetu baadaye hawakuyajua. La kwanza ni kushika bidhaa moja na kuacha nyingine. Warongo walijua kufua mikuki na visu, ila walichopeleka sokoni kwa wingi ni jembe. La pili ni kugawa kazi: mchimba mawe si mchoma makaa, mvuta mivukuto si mhunzi. La tatu ni kushika mnyororo mzima kutoka kwenye jiwe hadi sokoni. Ford alilifikia hilo kwa mamilioni ya dola, alipojenga kiwanda cha River Rouge huko Dearborn: meli zinashusha mawe ya chuma na makaa upande mmoja, magari yanatoka upande wa pili. Warongo walifanya hivyo porini bila hata ukuta.

La nne ni gumu zaidi kulisema. Taasisi zote mbili ziliingia chumbani kwa mfanyakazi. Katika kambi ya Warongo, tanuri lilihesabiwa kuwa mwanamke atakayezaa, na wakati wa kuyeyusha mafundi hawakuruhusiwa kulala na wake zao. Mwanamke aliye katika siku zake hakusogea. Aliyevunja mwiko alihesabiwa kuwa ndiye aliyesababisha tanuri kushindwa. Msomaji wa kisasa hucheka, au hukasirika, na kwa jinsi wanawake walivyotengwa na kazi hiyo ana haki ya kukasirika. Lakini hebu atazame Detroit. Januari 1914 Ford alitangaza mshahara wa dola 5 kwa siku ya saa 8, maradufu ya uliokuwapo, kwa sababu watu walikuwa wakiikimbia kazi ya mkanda kiasi kwamba kujaza nafasi moja kulihitaji kuajiri mara kadhaa kwa mwaka. Sehemu ya fedha hiyo ilikuwa ya masharti. Aliunda idara maalumu, Idara ya Sosholojia, iliyotuma wakaguzi majumbani kuona kama mfanyakazi hanywi pombe, anaweka akiba, anaishi na mke wake halali, na nyumba yake ni safi. Aliyeshindwa alipunguziwa. Kwa hiyo nidhamu ya kiwanda kuvuka mlango wa kiwanda si jambo la porini wala la zamani. Tofauti ni kwamba Mrongo alishika mwiko kwa ajili ya tanuri ambalo faida yake aliiona mwenyewe, na mfanyakazi wa Ford alishika wa tajiri wake. Mwaka 1937 walinzi wa kampuni waliwapiga viongozi wa wafanyakazi nje ya Rouge. Chama chao kilikubaliwa mwaka 1941 tu.

Chama cha Warongo hakikufa kwa kukosa ujuzi. Kiliuawa kwa nauli. Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu, na kutoka hapo meli zikaleta mizigo ya Ulaya hadi Bukoba na Mwanza. Mwaka 1912 reli ya kati ikafika Tabora. Jembe la kiwandani lililokuwa ghali kwa sababu ya kubebwa kutoka pwani likawa rahisi kuliko la Mrongo. Baadaye wakulima wengi wa Afrika wakazoea jembe la Chillington kutoka Wolverhampton, Uingereza, lenye chapa ya mamba. Kodi nayo ilitakiwa kwa rupia, kisha kwa shilingi. Boma halikupokea jembe. Vijana ambao wangevuta mivukuto wakaenda kutafuta pesa kwenye mashamba ya wazungu na migodi.

Halafu wakanyang'anywa sakafu ya kiwanda. Malale ilipoenea, serikali ya Waingereza iliwaondoa watu katika mapori ya Biharamulo na Uzinza na kuwakusanya katika makazi yaliyofyekwa ili kuwaepusha na mbung'o. Nia ilikuwa afya, na huenda watu wengi waliokoka. Lakini kwa Mrongo pori ndilo lililokuwa mali ghafi, nishati na mahali pa kazi. Mapori yaliyobaki bila watu yakawa ya wanyama: mapori ya akiba ya Biharamulo na Burigi, ambayo mwaka 2019 yaliunganishwa katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Leo mtu akikata mti humo kuchoma makaa ni jinai.

Baada ya uhuru serikali ilijaribu kurudisha jembe nyumbani. Kiwanda cha zana za kilimo cha UFI kilijengwa Ubungo kwa msaada wa Wachina, na ZZK, yaani Zana za Kilimo, kikafuata Mbeya. Mwaka 1985 likaanzishwa Shirika la Nyumbu huko Kibaha kutafiti na kutengeneza magari ya Kitanzania. Sitaingia katika kilichovikuta viwanda vya umma miaka ya 1990. Kila msomaji wa umri wangu anakijua. Ninachosema ni kwamba katika kubuni viwanda hivyo, wazee wa Kirongo waliokuwa bado hai huku Biharamulo walikuwa habari za mwanaakiolojia. Wizara ya viwanda haikuwa na haja nao.

Uhunzi wenyewe haujafa. Pita Nyakanazi, mahali barabara za Kigoma, Kahama, Biharamulo na Rusumo zinapokutana, utazame nyuma ya gereji. Malori yanayokwenda Rwanda na Burundi huvunja spring, na spring iliyovunjika haitupwi. Mhunzi huinunua kwa kilo, huikata kwa tindo ikiwa nyekundu, huifanya panga, shoka au kisu cha kukatia migomba. Mvukuto wa ngozi umeondoka. Sasa ni feni ndogo ya bati inayozungushwa kwa rimu ya baiskeli, na kijana anayeizungusha bado anapokezana na mwenzake. Chuma hicho ni kizuri kuliko cha Mrongo, hilo halina ubishi. Lakini ni chuma cha mtu mwingine. Mnyororo umekatika mwanzoni mwake.

Kwa sababu hiyo watu wa Ngara wanapaswa kuisoma historia hii kwa makini kuliko hata wa Biharamulo. Kule Ngara, kama ilivyokuwa ng'ambo Burundi na Rwanda, jembe la kufuliwa lilikuwa sehemu ya mahari, na mzee wa Kihangaza bado anaweza kukwambia uzito wake katika kikao cha posa. Sasa wilaya hiyo imeshika kitu ambacho watengenezaji wa magari duniani wanakitafuta. Nikeli ya Kabanga, iliyoanza kuchunguzwa miaka ya 1970, ilikadiriwa kufikia tani milioni 58 za mawe yenye nikeli ya asilimia 2.62, kiwango ambacho ni nadra. Nikeli ni moja ya madini ya betri za magari ya umeme. Januari 2021 serikali ilitia saini mkataba wa kuanzisha kampuni ya Tembo Nickel, nchi ikiwa na hisa za asilimia 16, na mpango uliotangazwa ulikuwa kusafishia madini hayo Kahama, katika eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi.

Kusafisha Kahama ni bora mara mia kuliko kupakia mchanga melini Dar es Salaam. Hata hivyo Ngara itachimba, itapakia, na malori yataondoka. Vijana wa Rulenge na Bugarama watafanya kazi gani zaidi ya ulinzi na kufagia? Warongo walimchukua mtu wa nje asiyejua kitu wakamfanya fundi wa hatua zote. Kama mkataba wa madini hauwezi kufanya hivyo kwa mwenyeji, chama kisicho na cheti cha usajili kiliushinda. Madiwani wa Ngara waulize hilo sasa, kabla mgodi haujaanza kutoa mzigo, na waulize kwa maandishi: nafasi ngapi za ufundi wa kuyeyusha na kupima madini, kwa vijana wangapi, katika chuo gani.

Kwa Biharamulo ombi langu ni dogo. Mabonge ya mavi ya chuma yanaokotwa yajaze mashimo ya barabara au yajengee misingi ya nyumba, na kila toroli linaloondoka ni ukurasa wa daftari la chama hiki. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na anayevivumbua anatakiwa kutoa taarifa serikalini. Ukikuta shimo lenye udongo ulioungua mwekundu, mabomba yaliyoyeyuka ncha na mawe meusi mazito, usichimbe zaidi. Weka alama, piga picha, kisha mpelekee taarifa ofisa utamaduni wa wilaya.